Upande wa Pili wa Kaseti ya Ruphin

Leo nitalitaja jina la mume wangu. Wiki zote hizi nimemwita "baba watoto", kwa heshima, na wengi wenu mmeniandikia kwamba mwanaume wa namna ile hapatikani tena Lubumbashi. Anaitwa Clovis. Heshima imekwisha.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Benita. Mwaka 2005, mwezi wa saba, dada yangu mkubwa Chancelvie alikwenda kwenye tamasha la Dan Malachite, uwanja wa mpira, hapa hapa mjini. Alikwenda na mchumba wake Clovis. Jirani yetu wa Katuba, Ruphin, fundi wa redio, alifuatana nao na kinasa sauti chake kidogo kifuani. Uzio wa mbao ulianguka, watu wakakimbia, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu. Dada yangu alikanyagwa, akafa.

Clovis alirudi kwetu na mkono uliovunjika. Alimwambia mama, "Nilimushika mpaka mukono ikavunjika." Watu wote waliokuwa kilioni wakalia upya. Mwaka uliofuata nikapewa yeye, nishike nafasi ya dada. Tumezaa watoto watatu. Wa kwanza, Vivi, ana miaka kumi na minane na amebeba jina la marehemu.

Mwaka huu Dan Malachite akafa huko Ulaya. Mashabiki wakaanza kulitafuta lile tamasha ambalo kila mtu aliamini halikurekodiwa. Ndipo Daniella, binti wa marehemu Ruphin, akaiona kaseti ndani ya sanduku la vyuma vya baba yake. Upande wa kwanza umepigwa redioni mpaka wauza mkaa wanaujua kwa moyo. Humo nilimsikia dada yangu akicheka, nikalia kwa furaha.

Furaha yenyewe haikumaliza hata wiki.

Jumatano Daniella alinipigia simu niende kwake, Kasungami. Nilimkuta ameketi kitandani, kaseti mapajani, kama mtu aliyebeba dawa asiyoijua.

"Yaya Benita, ku radio niliwapa face A tu," alisema. Kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa. "Face B sikuipeleka. Angalia vile papa aliandika."

Nikaangalia. Kwa kalamu ya buluu, maandishi ya fundi, herufi kubwa: FACE B, HAPANA KUPIGA.

"Juu ya nini aliandika vile?"

"Sijue, yaya. Nilisikiliza kidogo nikazima. Bantu banalia sana mule ndani. Lakini sauti ya dada yako iko. Nikasema ni yako, si ya radio."

"Weka."

Akaweka.

Kwanza ulikuwa ni wimbo tu, na watu wakipiga makofi. Dada yangu aliimba kwa sauti ile yake mbovu niliyokuwa nimeisahau. Nikatabasamu. Halafu mbao zikalia, kaa! Wale wa mbele wakapiga kelele, na wa nyuma wakadhani ni kelele za furaha, wakaitikia.

Kisha nikamsikia dada yangu karibu kabisa, kama yuko chumbani na sisi, akimwita mpenzi wake kwa Kifaransa.

"Chéri, mukono! Unishike! Chéri!"

Na sauti ya mwanaume ikajibu:

"Niachilie! Utaniuwa na weye! Achilia, shetani!"

Kofi likalia. Kofi la mkono wazi juu ya shavu. Asiyelijua kofi hawezi kulitofautisha na makofi ya tamasha, lakini mimi nimekulia katika nyumba ya makofi. Ninalijua.

"Chéri, niko chini..."

Mwanaume wa pili akapaza sauti, huku anahema: "Weye! Urudie! Mutoto ya bantu iko chini! Urudie!"

Hakuna aliyerudi. Kaseti iliendelea. Kilichonichafua moyo zaidi ni kwamba Dan Malachite hakuacha kuimba. Alidhani anashangiliwa. Kibwagizo kile kile cha mapenzi, mara nne, watu wakifa chini yake.

Nilikimbilia nje. Sikufika chooni. Nilitapika ukutani, Daniella amenishika mgongo.

"Papa ni ule aliyesema 'urudie'," alisema polepole. "Ule mwengine ni nani, yaya?"

"Sijui," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili. Miaka kumi na tisa nimelala kando ya sauti ile.

Daniella alinipa kaseti. "Chukua. Ila isitoke ku radio. Papa hakutaka." Nikamwahidi.

Nilifika nyumbani saa tisa mchana. Clovis alikuwa amerudi kutoka Sakania na mzigo wake wa mafuta ya kupikia. Vivi alikuwa amemwandalia, naye alikuwa anakula, mikono ya shati amekunja.

Niliutazama mkono wake wa kuume ukifinyanga bukari, ugali wetu wa huku. Vidole vilizama, vikakunja tonge, vikalichovya katika mboga ya lengalenga, vikapanda mdomoni. Ule ndio mkono anaouinua kila mwaka kanisani, misa ya kumbukumbu, akisema, "Huu mukono, ndugu zangu, Mungu anaujua." Ndio mkono uliolala juu ya tumbo langu mimba tatu. Nilihisi ngozi yangu inataka kunitoka.

Nikamtuma Vivi dukani. Nikasimama mbele ya meza.

"Nimesikia face B."

Alitafuna. Akameza. Akanywa maji.

"Nani mwengine amesikia?"

Wasomaji wangu, hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakuuliza nimesikia nini. Hakuita jina la dada yangu.

"Ulimupiga kofi, Clovis. Alikuwa anakushika, ukamupiga."

"Benita, ulikuwa mule? Bantu balikuwa kama maji. Ungekuwa weye, ungefanya nini?"

"Na mukono? Ulivunjika namna gani?"

"Nilianguka wakati wa kuruka ukuta."

Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi gurudumu lilivyopasuka njiani. Halafu akachukua tonge lingine. Nikalipiga lile bakuli likaanguka chini.

"Na mama yangu ukamudanganya! Akakupa na miye!"

Hapo akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikaona amechoka na mimi.

"Mama yako? Enda umuulize mama yako. Weye unafikiri nilikuomba? Unafikiri miye nilikuchagua?"

Akanawa mikono, akaifuta vizuri, kidole kwa kidole.

"Na Jumapili nitaenda ku radio vile waliniita," akasema. "Nikikosa, bantu watauliza."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Katuba. Mama yangu, Mama Adolphine, alikuwa anapepeta karanga uani. Ana miaka sabini na mikono bado ina nguvu. Sikumsalimia.

"Mama, Clovis alimuacha Chancelvie. Unajua?"

Ungo haukusimama. Maganda yaliendelea kuruka.

"Ninajua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ya kilio. Ruphin alikuya hapa, akaniambia yote. Nikamufukuza."

Hilo la kumfukuza nalikumbuka. Mtaa mzima unalikumbuka. Mama alimrushia Ruphin maji ya vyombo mbele ya watu, akamwita mchawi. Tulidhani ni uchungu. Baada ya mwezi Ruphin akahamia Kasungami, hakurudi Katuba mpaka kufa kwake.

"Juu ya nini ulimufukuza, mama? Alikuletea ukweli!"

"Juu bantu wasiusikie." Aliweka ungo chini. "Clovis nilimuita nyuma ya nyumba, na plasta yake ile. Nikamuambia: ninajua. Sasa utaoa Benita. Na siku utamunyanyasa, nitasimama njiani nitasema."

Nilikaa chini, juu ya maganda.

"Mama, ulinipa kwa muntu mwenye aliua mutoto yako."

"Baba yako alikuwa muzuri, kila muntu alimusifu," alisema. "Ulisahau mukaba alikuwa anatupiga nayo? Ulisahau vile alituacha, miye na jino mbili mukononi? Nilibaki na binti moja. Sikutafuta mwanaume muzuri tena. Nilitafuta mwenye kuwa na woga." Akanisogelea. "Sema. Clovis amekupiga siku moja?"

Hapana.

"Amekufukuza? Ameleta mwanamuke nyumbani? Amekunyima chakula ya batoto?"

Hapana. Hapana. Hapana.

"Basi. Mwanaume mwenye haya ni kama mbwa mwenye kamba. Nilikushikia kamba miaka yote hii. Na unakuya hapa kunilalamikia."

Kila alichonitendea Clovis kilinipita mbele ya macho. Maji ya moto aliyonipelekea bafuni nilipojifungua. Sauti yake ambayo haikupanda hata siku nilipounguza begi lake la karatasi za mizigo. Wanawake wa kanisani wakiniambia, "Benita, wewe umebarikiwa." Nilijisifu! Niliwafundisha wasichana wanaojiandaa kuolewa, nikawaambia wamtafute mwanaume mpole kama wangu.

Upole wote ule ulikuwa woga. Na mimi sikuwa mke. Nilikuwa kifungo cha mtu, na askari wa gereza alikuwa mama yangu.

Hapa ndipo penye ungamo langu, na msinihurumie.

Jumamosi asubuhi nilichukua kaseti, nikaenda redioni, nikamwona Yannick, yule mtangazaji anayeandaa kipindi cha kumbukumbu ya miaka ishirini. Nilikuwa nimemwahidi Daniella. Nilikumbuka ahadi ile nikiwa ngazini, na bado nikapanda.

"Hii ni face B," nilimwambia. "Kesho, mume wangu akimaliza kusema habari ya mkono wake, upige. Usimwambie kitu."

Macho ya Yannick yaliwaka. "Maman, hii haijasikiwa na muntu?"

"Haijasikiwa."

"Kuna nini ndani?"

"Kuna dada yangu," nikajibu, nikashuka.

Sikutaka haki. Nisiwadanganye. Nilitaka aone haya mbele ya mji mzima, nikae kitini kwangu nimsikie akitafuta maneno. Nililala vizuri siku ile, kuliko siku zote za wiki.

Jumapili, saa saba mchana, nilifungua redio. Wadogo wawili walikuwa kwa shangazi yao, na Vivi nilijua yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nikavuta kiti.

Yannick alisalimu mji, kisha akasema:

"Na leo Papa Clovis hakuja peke yake. Amekuja na binti yake mukubwa, mwenye jina ya marehemu. Chancelvie, karibu."

"Merci, Ya Yannick," akasema mtoto wangu.

Clovis hakumchukua Vivi kwa bahati. Alijua nimesikia, alijua kaseti iko mkononi mwangu. Alimchukua kama mtu anavyochukua mwavuli.

Nilimpigia Vivi. Simu imezimwa. Nikampigia Yannick mara tatu, hakujibu. Nikatoka na kandambili, nikasimamisha pikipiki.

"Ku radio, papa, haraka!"

Njiani kila kibanda kilikuwa kimefungulia kipindi kile kile. Kwenye vinyozi, "Huu mukono, Mungu anaujua." Kwenye wauza vocha, Vivi akisema jinsi anavyojivunia baba yake. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, uwanja wa kwenye kaseti ukaanza kuimba, na dada yangu naye, kwa sauti yake mbovu. Mwenye pikipiki akatikisa kichwa kufuata wimbo.

"Maman, ile ni kaseti mupya! Dan Malachite alikuwa muntu!"

Nilipopanda ngazi, kaseti ilikuwa imefika pa kofi.

Mlango wa studio ulikuwa na taa nyekundu. Mlinzi alinizuia kwa mwili wake wote. "Maman, hapana kuingia, bako hewani."

Juu ya kichwa chake kulikuwa na spika ya redio. Dan Malachite alimaliza kibwagizo cha nne, kaseti ikakatika. Kisha Yannick akauliza:

"Papa Clovis... ule mwanaume mwenye anasema 'achilia', ni nani?"

Nilingoja. Mbingu na nchi zinisamehe, bado kulikuwa na sehemu yangu iliyokuwa inangoja kwa hamu.

Clovis alivuta pumzi, akaanza kulia. Kilio kizuri, cha mtu mzima.

"Nilificha hii miaka makumi mbili," alisema, "juu ya heshima ya marehemu. Chancelvie alikuwa na muntu mwengine. Alikuwa anamuita 'chéri'. Ni Ruphin, jirani. Ule mwenye anamupiga ni Ruphin. Miye ni ule mwenye anaita 'urudie'. Nilimuita arudie, akakimbia. Nikabaki miye na mukono yangu."

Nilipiga mlango kwa ngumi. Mlinzi alinishika kiunoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwua mtu, kisha akarudi baada ya miaka ishirini amvue nguo. Na maneno ya Ruphin, yale ya mtu mwema, ameyachukua akajivika.

"Na weye, Chancelvie mudogo?" Yannick akauliza. "Umesikia ile sauti?"

"Sauti ya Papa ninaijua tangu nizaliwe," akasema Vivi, imara kabisa, kama shahidi mahakamani. "Papa hawezi kumuita muntu shetani. Papa ni ule mwenye anasema 'urudie'."

Hakudanganya, mtoto yule. Aliamini. Sauti aliyoijua nyumbani ilikuwa ile ya upole ambayo mama yangu aliifunga kamba.

"Tuko na muntu ku simu," akasema Yannick. "Allô? Uko nani, mama?"

"Ni miye Mama Adolphine, wa Katuba. Ni miye nilimuzaa marehemu."

Niliacha kupigana na mlinzi. Hata yeye aliniachia kidogo, tukasikiliza wote wawili, vichwa juu. Nikajisemea moyoni: mama alisema siku Clovis atakaponinyanyasa, atasimama njiani aseme. Siku yenyewe ndiyo hii.

"Mama, umesikia kaseti?"

"Nimesikia."

"Ule mwanaume ni nani?"

Mama yangu hakukohoa, hakusita.

"Ni Ruphin. Bantu ba Katuba banakumbuka, nilimumwangia maji ku kilio. Walifikiri niko na wazimu. Mukwe yangu ni muntu muzuri. Ndiyo ile tu nilitaka kusema."

Akakata simu.

Alimwuza mtoto wake aliyekufa, mbele ya mji, ili kamba isikatike mkononi mwake. Na alifanya hivyo, najua, kwa kunipenda mimi. Nilitema mate pale pale sakafuni, mlinzi akaniangalia kwa chuki.

Simu yangu ikalia. Daniella.

"Yaya!" Alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake nilisikia watu wengi. "Yaya, uliniahidi! Wako ku kiwanja yangu! Wanarusha mawe ku bati, wanauliza kaburi ya papa iko wapi! Yaya, weye ulisikia na miye, weye unajua papa ni nani mule ndani! Useme! Weye bibi ya Clovis, weye tu watakuamini!"

Taa nyekundu ikazimika. Mlango ukafunguka.

Vivi alitoka wa kwanza, macho yamevimba, uso unang'aa. Nyuma yake Yannick alisimama na kipaza sauti cha kubebea mkononi, tayari amenitambua. Nyuma ya Yannick, Clovis, akifuta machozi kwa leso niliyompigia pasi mimi mwenyewe.

Mtoto wangu akanikumbatia kwa nguvu.

"Maman, umesikia? Umesikia vile Papa ni muntu?"

Juu ya bega lake, Clovis akanitikisia kichwa, taratibu, kama mtu anayeomba. Yannick akasogeza kipaza sauti mdomoni mwangu.

"Mama Benita, tuko hewani tena. Sema neno moja."

Mkononi mwangu simu ilikuwa bado wazi, na Daniella alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa anasikiliza.